Herufi 她: Asili, Maana na Matumizi ya "Yeye" wa Kike katika Maandishi ya Kichina

Msomaji wa Kiswahili akutanapo na neno "alikuja" hajui, wala hana haja ya kujua, iwapo aliyekuja ni mwanamume au mwanamke. Kiambishi a- humpokea kila mtu, na iwapo jinsia ina umuhimu katika simulizi, msimulizi atatafuta njia nyingine ya kuidokeza. Hadi mwanzoni mwa karne ya ishirini Kichina nacho kilikuwa katika hali hiyo hiyo. Nafsi ya tatu umoja iliitwa ta, na herufi iliyoiandika ilikuwa moja tu, 他, awe anayetajwa ni mfalme au mjakazi wake. Leo mwandishi wa Kichina hawezi kuandika sentensi juu ya mtu wa tatu bila kwanza kuamua jinsia ya mtu huyo: akiwa wa kiume ni 他, akiwa wa kike ni 她. Lakini msemaji wa Kichina bado anasema ta kwa wote wawili. Tofauti inaonekana na jicho, sikio haliijui.

Pengo hilo baina ya jicho na sikio halikutokana na mabadiliko ya polepole ambayo wanaisimu huyahesabu kwa karne. Lilifunguliwa katika muda usiozidi miaka kumi na mitano hivi, kuanzia mwaka wa 1918, na waliolifungua wanajulikana kwa majina na kwa maandishi yao. Kwa mhakiki wa fasihi, kisa cha herufi 她 kina mvuto wa pekee kwa sababu hiyo. Ni nadra kupata kiwakilishi nafsi chenye tarehe ya kuzaliwa.

Viungo viwili

Herufi nyingi za Kichina hujengwa kwa viungo viwili, kimoja kikidokeza maana na kingine kikidokeza sauti. Katika 她, upande wa kushoto umekaa 女, "mwanamke", na upande wa kulia 也, ambayo leo ni neno dogo lenye maana ya "pia". Katika 他 upande wa kulia ni huo huo, ila wa kushoto umekaa 亻, umbo jembamba la 人, "mtu". Msomaji na aikumbuke tofauti hii ya upande wa kushoto. Ugomvi wote utakaosimuliwa hapa chini uliwaka juu yake.

Umbo la kale kabisa la 女 limo katika maandishi ya mifupa ya ramli ya enzi ya Shang, yaliyochimbuliwa katika eneo la Anyang na kuanza kutambuliwa na wasomi mwaka wa 1899. Ni picha ya mtu aliyepiga magoti, mikono yake ikipishana mbele ya kifua. Umbo la 人 katika mifupa hiyo hiyo ni la mtu aliyesimama, akionekana kwa ubavuni. Wapo wanaosoma katika picha hizi mbili historia nzima ya utiifu wa mwanamke, na ni rahisi kuona kinachowavutia. Hata hivyo, tahadhari inahitajika. Katika China ya kale kupiga magoti ndiko kulikokuwa kuketi, kwa wanaume na wanawake, na mifupa hiyo ina picha nyingine za watu waliopiga magoti ambao si wanawake. Hoja yenye uzito zaidi inatokana na herufi zilizojengwa juu ya kiungo hiki. 奴, "mtumwa", ni mwanamke na mkono. Maneno ya wivu na ya ulaghai yana 女 ndani yake. Kwa upande mwingine, 好, "zuri", ni mwanamke na mtoto, na 姓, "jina la ukoo", ni mwanamke na kuzaa, jambo ambalo limewafanya baadhi ya wanahistoria wajiulize kama koo za mwanzo zilihesabiwa upande wa mama. Kiungo 女 si tusi wala si sifa. Ni mahali ambapo jamii iliweka mambo mengi yanayopingana.

Kiungo cha kulia kina kisa cha ajabu zaidi. Xu Shen, aliyeikamilisha kamusi yake ya Shuowen Jiezi mwaka wa 100 B.K., alidai kwamba 也 asili yake ni picha ya uke. Wataalamu wa leo wa maandishi ya kale wengi wao hawamkubalii. Wanaonyesha kwamba katika maandishi ya shaba umbo la 也 na umbo la 它 yalichanganyika, na 它 ilikuwa picha ya nyoka. Xu Shen mwenyewe anaeleza juu ya 它 kwamba watu wa kale waliishi nyikani wakiwaogopa nyoka, na walipokutana waliulizana kama hakuna nyoka. Kutokana na swali hilo, anasema, neno likapata maana ya jambo jingine, jambo baya lililotokea. Maelezo hayo yanapendeza zaidi kuliko yanavyothibitika. Lakini maana ya "nyingine" ni ya kweli, na ndiyo iliyoingia katika 他. Kwa karne nyingi 他 haikumaanisha "yeye". Ilimaanisha "mwingine", na ilikomaa kuwa kiwakilishi cha nafsi ya tatu kufikia enzi ya Tang (618–907).

Lipo jambo moja zaidi la kutajwa kabla ya kuingia katika karne ya ishirini. Umbo 她 halikuwa geni kabisa. Kamusi ya Yupian, iliyotungwa na Gu Yewang mwaka wa 543, inalitaja kama umbo la kale la 姐, neno ambalo leo ni "dada mkubwa" na ambalo, kwa mujibu wa Xu Shen, watu wa nchi ya Shu walilitumia kumwita mama. Umbo hilo lilikuwa limekufa zamani, likabaki katika kamusi tu. Walioliinua upya hawakuwa wakimfufua mama wa Shu. Walihitaji chombo, wakakiokota kikiwa kimetupwa.

Riwaya isiyohitaji "yeye" wa kike

Husemwa mara kwa mara kwamba Kichina kilikuwa na upungufu, na kwamba herufi 她 iliuziba. Dai hili linafaa kupimwa kwa kazi za fasihi zenyewe. Riwaya ya Hong Lou Meng ya Cao Xueqin, iliyoandikwa katika karne ya kumi na nane, ina wahusika wa kike wengi mno: mabibi, mabinti, binamu, wajakazi, watawa. Mazungumzo yao ndiyo uti wa mgongo wa kazi hiyo. Katika matoleo ya kale wote wanatajwa kwa 他, sawa na wanaume wa nyumba ile, na wasomaji wa vizazi kadhaa hawakulalamika kwamba wamepotea. Cao Xueqin hurudia majina, hutumia vyeo vya kiukoo, huacha kiwakilishi mahali ambapo muktadha unatosha. Mwandishi yeyote wa Kiswahili anazijua mbinu hizi, kwa kuwa anazitumia kila siku bila kuziita mbinu.

Upungufu basi haukuwa ndani ya Kichina. Ulionekana pale Kichina kilipowekwa kando ya Kiingereza. Tangu mwaka wa 1878 mwandishi wa Kichina aitwaye Guo Zansheng, katika kitabu cha sarufi ya Kiingereza kilichochapishwa Hong Kong, alilazimika kutafuta maneno matatu kwa viwakilishi vitatu vya Kiingereza. Wa kiume alimpa 他, wa kike akampa 伊, kitu akakipa 彼. Ulikuwa ugawaji wa darasani, na haukutoka nje ya darasa. Wajapani nao walikwisha kupitia njia hiyo. Katika enzi ya Meiji watafsiri wao walilikuza neno kanojo ili kumpata "yeye" wa kike wa riwaya za Ulaya.

Chapa isiyokuwepo

Mwezi wa Agosti 1918 jarida la Xin Qingnian lilichapisha tafsiri ya Zhou Zuoren ya hadithi ya August Strindberg, mwandishi wa Uswidi. Katika maelezo yake ya utangulizi Zhou alitaja kwamba rafiki yake Liu Bannong alifikiria kuunda herufi 她 ili iende sambamba na 他. Zhou aliliona wazo kuwa jema, akatoa mfano wa Japani, ambako neno jipya lilionekana gumu mwanzoni kisha likazoeleka. Kikwazo alichokitaja hakikuwa cha kifalsafa hata kidogo. Matbaa haikuwa na chapa ya herufi hiyo, na kuzisubu chapa mpya nyingi ilikuwa taabu. Kwa hiyo alitumia hila: aliandika 他 na kando yake chini akaweka 女 ndogo. Hivyo "yeye" wa kike wa Kichina aliingia kwanza katika fasihi akiwa kama tanbihi ya "yeye" wa kawaida.

Hila hiyo inastahili kutazamwa kwa makini kuliko inavyotazamwa. Inaonyesha kwamba mahitaji yalitoka kwa mtafsiri, wala si kwa mwanamke anayeandika, wala kwa msomaji aliyeshindwa kuelewa. Strindberg alikuwa na viwakilishi viwili na tafsiri ilikuwa na kimoja. Mwezi wa Februari 1919 jarida hilo lilichapisha barua baina ya Zhou na Qian Xuantong juu ya namna ya kutafsiri kiwakilishi hicho cha Kiingereza. Kutokana na mjadala huo Zhou aliegemea 伊, neno la kale lililomo katika Shijing likiwa na maana ya "yule", na ambalo katika lahaja za eneo la Shanghai na jirani zake bado hutumika kwa nafsi ya tatu. Kwa miaka michache 伊 ndiyo iliyoongoza. Ilikuwa na faida mbili zilizo wazi: matbaa zilikuwa nayo tayari, na ilitamkwa tofauti na ta. Tena, upande wake wa kushoto ulikuwa "mtu".

Barua kutoka London

Liu Bannong, mzaliwa wa Jiangyin katika mkoa wa Jiangsu mwaka wa 1891, alikuwa London mwaka wa 1920 akisomea fonetiki. Huko nyuma Shanghai jarida la Xinren lilikuwa limechapisha mashambulizi dhidi ya herufi yake. Mkosoaji aliyetumia jina la Hanbing alisema kwamba nafsi ya kwanza na ya pili hazitofautishi jinsia, hivyo hapakuwa na sababu ya kuitofautisha ya tatu. Liu alijibu katika makala aliyoiandika mwezi wa Juni na kuchapishwa Shanghai mwezi wa Agosti mwaka huo, yakilenga maswali mawili: je, Kichina kinahitaji kiwakilishi cha kike cha nafsi ya tatu, na kama kinakihitaji, je, 她 inafaa?

Juu ya swali la pili Liu ana nguvu. Dhidi ya 伊 alieleza kwamba ni neno la eneo dogo, kwamba lina harufu ya maandishi ya kale, na kwamba umbo lake halionyeshi uke. Kuhusu umbo la zamani lililomo katika kamusi, alijibu kwamba herufi moja kubeba maana na sauti zaidi ya moja si jambo geni katika Kichina. Alitambua pia udhaifu mkubwa zaidi wa pendekezo lake, yaani kwamba 他 na 她 zikitamkwa sawa tofauti yenyewe itakuwa ya karatasini tu. Dawa aliyoitoa ilikuwa kuzigawa sauti mbili ambazo 他 ilikuwa nazo, moja ya mazungumzo na nyingine ya kisomo, ili 他 ibaki na ta na 她 ichukue tuo. Dawa hiyo haikunywewa. Watu waliichukua herufi, wakaiacha sauti.

Juu ya swali la kwanza jibu lake halitoshelezi. Mkosoaji aliuliza kwa nini nafsi ya tatu itenganishwe ilhali "mimi" na "wewe" hazitenganishwi. Jibu la kawaida ni kwamba msemaji na msemeshwa wanaonana, na anayesemwa hayupo. Ni kweli, lakini halielezi kwa nini katika mambo yote yanayoweza kusemwa juu ya mtu asiyekuwepo, kama vile umri, cheo au ukoo wake, ni jinsia iliyopewa nafasi ndani ya kiwakilishi. Kilichoamua ni kwamba Kiingereza na Kifaransa viliichagua jinsia. Kiswahili kilikaa karne nyingi jirani na Kiarabu, kikachukua kwake maneno ya dini, sheria, biashara na elimu, na hata hati yake, lakini hakikuchukua huwa na hiya. Ujirani peke yake hauzai viwakilishi. Ni lazima pawe na kundi la waandishi wanaoamini kwamba lugha yao imechelewa, na hao ndio waliokuwa Beijing na Shanghai katika miaka ile.

Tarehe 4 Septemba 1920, akiwa bado London, Liu alitunga shairi ambalo kibwagizo chake kina 她, juu ya mtu ambaye msemaji hawezi kuacha kumkumbuka. Zhao Yuanren, mwanaisimu na mtunzi wa muziki, alilitilia muziki mwaka wa 1926, na wimbo ukaenea China nzima. Hakuna kilichofanya zaidi kuieneza herufi hii kuliko wimbo huo. Kejeli yake ni dhahiri: wimbo husikika, hausomwi. Anayeimbwa ni ta. Huenda ni mwanamke, huenda ni mwanamume, huenda ni nchi iliyoachwa ng'ambo ya bahari, na wahakiki wamezisoma maana hizo zote ndani yake. Shairi lililoitangaza herufi ya jinsia liliposimama mdomoni liliupata tena utata ambao herufi ilikusudiwa kuuondoa, na ni vigumu kusema kwamba lilipata hasara.

Mjane wa Xianglin

Lu Xun anatoa ushahidi bora wa kile ambacho herufi mpya iliweza kukifanya katika nathari. Katika hadithi zake za mwanzo wanawake wanatajwa kwa 伊. Katika "Zhufu", hadithi aliyoiandika mwezi wa Februari 1924, anatumia 她. Mhusika mkuu wa hadithi hiyo ni mjane aliyetoroka kwa wakwe, akakamatwa na kuuzwa kwa mume wa pili, akafiwa na mume huyo na kunyang'anywa mtoto na mbwamwitu, na kisha akaishia kuwa ombaomba. Kijiji hakimjui kwa jina lake. Anaitwa kwa jina la mume wake wa kwanza, Mke wa Xianglin, hata baada ya kuolewa na mtu mwingine.

Mhusika asiye na jina lake mwenyewe huishi katika kiwakilishi. Katika hadithi hii 她 ndiyo neno pekee linalomhusu yeye bila kupitia kwa mume. Msomaji wa Kichina wa mwaka wa 1924 aliiona herufi hiyo, bado ikiwa mpya machoni, ikirudiwa ukurasa baada ya ukurasa juu ya mwanamke ambaye jamaa wa nyumba ile hawakumruhusu hata kugusa vyombo vya tambiko. Si lazima kudai kwamba Lu Xun alikusudia hayo yote. Inatosha kwamba maandishi yanayafanya. Mtafsiri wa Kiswahili atakuwa na "alisema", "aliuliza", "akaenda", na atalazimika kuubeba uzito huo kwa njia nyingine, pengine kwa kulirudia lile jina la mume hadi limchoshe msomaji.

Liu Bannong alifariki Julai 1934 kwa homa aliyoipata safarini alipokuwa akichunguza lahaja huko kaskazini. Katika kumbukumbu aliyomwandikia mwaka huo Lu Xun, ambaye kwa wakati huo walikuwa wametengana kimawazo, aliziweka 她 na 牠 miongoni mwa vita vikubwa ambavyo marehemu alivipigana. Kwa vijana wa mwaka wa 1934 huenda ilionekana ajabu kwamba viwakilishi viliwahi kupiganiwa.

Ng'ombe, mtu na mwanamke

Lakini vita havikuwa vimekwisha. Kufikia miaka ya 1930 maandishi ya Kichina yalikuwa na "ta" tatu: 他 yenye mtu upande wa kushoto, 她 yenye mwanamke, na 牠 yenye ng'ombe, kwa wanyama na vitu. Katikati ya miaka hiyo jarida la wanawake la Funü Gongming liliwatangazia wasomaji wake kwamba halitatumia 她. Sababu yake ilikuwa fupi. Mwanamume amepewa kiungo cha mtu, mnyama amepewa cha ng'ombe, mwanamke amepewa cha mwanamke; basi katika watatu hao ni mmoja tu aliye mtu. Jarida likarudi kwa 伊.

Pingamizi hili lilichekwa, na bado hutajwa katika baadhi ya vitabu kama kituko. Halistahili kuchekwa. Watetezi wa 她 walizungumza kana kwamba herufi mpya imeongezwa tu, na kila kitu kingine kimebaki mahali pake. Sivyo. Kabla ya 1918 他 ilikuwa ya kila mtu, na kiungo chake cha "mtu" kilisema kweli. Siku 她 ilipokubalika, 他 ilipungua ikawa "yeye wa kiume", huku ikibaki na alama ya utu upande wake wa kushoto. Tena haikupungua kila mahali. Kundi la watu mchanganyiko huandikwa 他们, na wanawake mia moja wakiwa na mwanamume mmoja miongoni mwao huandikwa vivyo hivyo. Mtu asiyejulikana, mtu wa mfano katika sheria au methali, kwa kawaida huandikwa 他. Mwanamke alipewa chumba chake, naye akatolewa katika ukumbi. Wanawake wa Funü Gongming waliisoma herufi jinsi mhakiki anavyopaswa kuisoma, yaani pamoja na zile zinazoizunguka.

Hawakufaulu. Vitabu vya shule, magazeti na kamusi vilikwisha kuichukua 她. Mwaka wa 1955 orodha rasmi ya kusawazisha maumbo ya herufi katika Jamhuri ya Watu wa China iliiondoa 牠, ikaiacha 它, yule nyoka wa kale, itumike kwa wanyama na vitu. Orodha hiyo hiyo iliifuta 妳, "wewe" wa kike, iliyokuwa imezuka kwa kufuata mfano wa 她. Nchini Taiwan zote mbili zingali zinatumika, pamoja na 祂, "yeye" wa Mungu, yenye kiungo cha mambo matakatifu. 她 yenyewe haikuguswa. Washairi wameitumia kwa nchi ya mama, kwa lugha, kwa mto, kwa meli, na matumizi hayo yamekuwa ya kawaida hivi kwamba ni wachache wanaokumbuka kuwa yalikuja na tafsiri.

Katika miaka ya karibuni kompyuta na simu zimeirudisha sauti mahali pake. Anayeandika Kichina kwa kibodi huandika ta kwa herufi za Kirumi, kisha huchagua kutoka katika orodha: 他, 她, 它. Wengi, hasa katika matangazo na katika maandishi ya vijana, sasa hawachagui. Huacha TA kwa herufi kubwa za Kirumi katikati ya sentensi ya Kichina, na msomaji hujaza jinsia akitaka. Mwaka wa 1918 Qian Xuantong alipendekeza katika Xin Qingnian kwamba herufi za Kichina zifutwe zote na Kiesperanto kishike nafasi ya Kichina, na hata marafiki zake waliona amepita kiasi. Herufi za Kirumi zimeingia kwa mlango ambao hakuutarajia, katika kiwakilishi kimoja, kuandika neno ambalo mdomo wa Mchina haukuwahi kuligawa.